Sayansi ya tabia kwenye huduma ya akiba ya simu: mwongozo kwa wabunifu

Programu nyingi za akiba huanza kwa kumhubiria mtumiaji. Kuna picha ya familia inayotabasamu, maneno "weka akiba leo, furahia kesho", halafu fomu ndefu. Aliyeibuni aliamini kwamba watu hawaweki akiba kwa kuwa hawajui faida yake. Lakini mama lishe wa Tandika anayecheza upatu kila wiki, na nyumbani ana kibubu, hahitaji somo hilo. Nia anayo. Kinachokwama kipo mahali fulani kati ya nia na tendo, na faida ya kutumia sayansi ya tabia kwenye ubunifu ni kukitafuta mahali hapo badala ya kuongeza mahubiri.

Nitatumia mfano mmoja: timu inayotaka madereva wa bodaboda waweke kwenye simu akiba ya matengenezo ya pikipiki. Ukiwa unabuni huduma ya bima, ya masomo au ya miadi ya kliniki, hatua ni hizi hizi. Wanaobadilika ni watu na saa zao.

Hatua ya 1: Andika tendo unalolitaka

"Kuongeza ushiriki wa watumiaji" si tendo. "Kujenga utamaduni wa akiba" nako si tendo, ni kaulimbiu ya semina. Andika sentensi moja inayosema nani afanye nini, kiasi gani na wakati gani. Kwa mfano: "Dereva aliyekwisha kulipa hesabu ya siku ahamishe angalau shilingi 1,000 kwenda mfuko wa matengenezo kabla hajalala, walau siku nne kwa wiki."

Ukiwa na sentensi hiyo unaweza kusema bila ubishi kama jana tendo lilifanyika au halikufanyika. Ikiwa watu wawili wa timu yako wanaisoma na kupata majibu tofauti, bado haijakamilika. Msifungue hata programu ya kuchorea skrini kabla ya kuimaliza.

Hatua ya 2: Nenda kijiweni ukaone pesa inavyotembea

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na ndipo timu nyingi zinapopita mbio.

Usiwaulize madereva kama wangependa huduma ya akiba. Watakujibu ndiyo kwa adabu tu, kama mwenye nyumba anavyomkaribisha chakula mpita njia. Uliza yaliyokwisha kutokea: jana ulipata ngapi? Ya kwanza ilikwenda wapi? Ulipofika nyumbani mfukoni palibaki nini? Mara ya mwisho tairi ilipoisha, hela ya tairi jipya ilitoka wapi? Jibu la swali la mwisho peke yake linaweza kukupa nusu ya bidhaa.

Utakachokikuta ni ratiba ya pesa. Asubuhi kuna petroli na chai. Mchana kuna chakula na vocha, pengine pancha. Jioni kuna hesabu ya bosi mwenye pikipiki, au rejesho kwa aliye kwenye mkataba, na hiyo haina mjadala. Kabla ya hesabu, pesa iliyo mfukoni ni ya bosi. Dereva hawezi kuigusa kwa jambo lolote, hata kama ujumbe wako umeandikwa kwa ufasaha wa kutoa machozi. Baada ya hesabu kuna dirisha fupi ambalo pesa ni yake kweli, nalo linafungwa akifika nyumbani. Arifa inayotumwa saa 2 asubuhi kwa sababu ndiyo saa ambayo mtu wa masoko amefika ofisini inamkuta dereva asiye na senti yake mwenyewe. Mama lishe yuko tofauti: asubuhi pesa yake imelala kwenye mchele na maharage, inarudi baada ya wateja wa mchana. Bidhaa moja, saa mbili tofauti.

Angalia pia pesa iko katika umbo gani. Abiria wengi hulipa noti na sarafu, wachache hulipa kwa lipa namba. Kama mapato ni ya mkononi, basi safari ya akiba inaanzia kwa wakala, haianzii kwenye skrini yako. Wakala wa karibu yuko wapi? Saa 3 usiku bado amefungua? Kitufe kizuri hakiwezi kufidia kibanda kilichofungwa.

Kisha chunguza wanachokitumia sasa. Wabunifu wetu hupenda kusoma mifano ya kampuni za teknolojia za California kabla ya kuuangalia upatu wa mtaani, na ni hasara, maana upatu umeshatatua matatizo mengi ambayo vitabu vinayataja kwa majina makubwa. Siku ya kuchanga imepangwa, kwa hiyo hakuna kuamua upya kila mara. Kiasi ni kilekile. Kijumbe anakuja mwenyewe kukusanya, hivyo kusahau ni kugumu. Usipotoa, kuna mtu mwenye jina na sura anayeumia, si kampuni. Na zamu yako ikifika unapokea fungu kubwa linaloweza kununua kitu, jambo ambalo shilingi elfu moja moja kwenye salio hazikupi. Kibubu nacho kina akili yake: kuingiza ni rahisi, kutoa ni mpaka uvunje.

Kuna ushahidi wa kitaalamu unaofanana na hayo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya na kulichapisha mwaka 2013. Kumpa mtu mahali salama tu pa kuhifadhi pesa kuliongeza akiba ya mambo ya afya kwa asilimia 66. Mipango ya kuweka akiba kwa vikundi ilileta matokeo makubwa sana. Kuitengea pesa kazi maalumu hakukumsaidia kila mtu. Kulifaa pale pesa ilipokuwa ya dharura, au kwa wale ambao ndugu na marafiki huwaomba mara kwa mara. Jambo hilo la mwisho kila dereva analifahamu. Kupigwa mizinga ni sehemu ya maisha, na anayesema "sina" huku salio lake linaonekana anapata aibu. Kwa hiyo mfuko wenye jina la "tairi na oili", usiojumlishwa kwenye salio la kawaida, unaweza kumpa kitu cha kusema kwa shemeji bila kudanganya.

Hatua ya 3: Taja sehemu moja ambapo tendo linakufa

Sasa chora njia nzima, kuanzia abiria kulipa hadi shilingi 1,000 kuingia mfukoni mwa akiba, na weka alama pale watu wanapoishia. Kila sababu ina dawa yake. Aliyesahau anahitaji kukumbushwa. Anayeogopa kwamba pesa haitatoka anahitaji kuona imetoka, hata shilingi 500, siku ya kwanza. Aliyeshindwa na menyu anahitaji menyu fupi. Asiyebaki na kitu baada ya hesabu hahitaji ubunifu wowote kutoka kwako. Kipato chake ndicho tatizo, na kumsumbua kwa arifa ni kumuonea.

Chagua sehemu moja. Ukirekebisha tano kwa pamoja hutajua ipi ilifanya kazi.

Hatua ya 4: Punguza kabla ya kuongeza

Mfano bora ninaoufahamu hauna hata skrini. Huko Busia, Kenya, watu waliuziwa dawa ya klorini ya kutibu maji madukani, na wengi hawakuitumia ingawa walijua maji machafu yanaumiza watoto. Watafiti, akiwemo Michael Kremer, wakajaribu njia nyingine: tangi dogo la klorini linawekwa palepale kwenye chemchemi, ukigeuza bomba lake linatoa kipimo kinachotosha dumu la lita 20, bure. Matumizi yalipanda mno kuliko ya chupa za dukani. Angalia yaliyoondolewa: safari ya dukani, bei, kupima, kukumbuka. Dumu lenyewe ndilo kikumbusho, na majirani walio kwenye foleni wanaona nani ametia na nani hajatia. Hata mwendo wa kurudi nyumbani unasaidia, kwa kuwa dawa inachanganyika na kupata muda wa kufanya kazi njiani.

Kwa dereva wetu, chemchemi ni pale anapolipa hesabu kwa simu. Skrini ya "malipo yamekamilika" ndiyo mahali pa kuuliza kuhusu akiba, kwa kuwa namba ya siri ameshaiingiza, simu iko mkononi na pesa iliyobaki ni yake. Kumtaka atoke, apige tena nyota na reli, apite menyu nne kisha aandike kiasi ni kumrudisha dukani.

Hapo ndipo linapokuja suala la chaguo-msingi, yaani kile kinachotokea mtu asipofanya lolote. Nguvu yake ni kubwa. Brigitte Madrian na Dennis Shea walionyesha mwaka 2001 kwamba katika kampuni moja ya Marekani, wafanyakazi wapya walipoandikishwa moja kwa moja kwenye mpango wa pensheni huku wakiwa huru kujitoa, waliobaki ndani walifika asilimia 86, wakati walioachiwa wajiandikishe wenyewe hawakufika nusu. Wengi husimulia habari hiyo na kuishia hapo. Nusu ya pili ina thamani zaidi kwa mbunifu: watu wengi walibaki pia kwenye kiwango cha kuchangia kilichopangwa na kampuni, asilimia 3, ambacho kilikuwa kidogo. Chaguo-msingi liliwaingiza ndani na kuwagandisha palepale. Ukipendekeza shilingi 500, jiandae kuwaona kwenye 500 mwaka mzima.

Na usilinakili jambo la Marekani lilivyo. Mshahara wa kampuni na salio la bodaboda ni vitu viwili. Tanzania tangu tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 na kuzua malalamiko hadi zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, mtu akiona pesa imepungua kwenye simu bila kuombwa anaita makato, na akikuita mwizi hutamlaumu. Ninachopendekeza ni kuuliza mara moja, kwa uwazi: "Kila ukilipa hesabu, tuweke 1,000 ya tairi?" Akikubali, iendelee yenyewe, na kila mara apate ujumbe wa kilichowekwa pamoja na namna ya kusimamisha. Ridhaa ni yake, uvivu wa kibinadamu unafanya kazi iliyobaki.

Hatua ya 5: Andika maneno ukihesabu herufi

Ukurasa mmoja wa USSD, yaani ile menyu ya nyota na reli, unabeba herufi 182, na SMS moja 160. Ufupi huo ni zawadi. "Ndugu mteja, tunayo furaha kukujulisha kwamba…" imeshakula herufi zote ambazo mtu angezisoma, na kwa kuwa kila kampuni inaanza hivyo, jicho limeshazoea kuruka. Anza na kitu chake:

"Hesabu imelipwa. Mfuko wa tairi una 14,000. Ongeza 1,000? 1 Weka. 2 Kiasi kingine. 3 Leo hapana."

"Leo hapana" si pambo. Anayebonyeza "Hapana" tupu amefunga mlango. Anayesema leo hapana ameacha kesho wazi, na kwa kawaida ndicho alichomaanisha. Kutaja "tairi" badala ya "akiba" kunampa picha ya kitu anachokijua bei. Na kabla pesa haijaondoka, onyesha inakwenda wapi. Safaricom iliongeza huduma ya Hakikisha kwenye M-Pesa, mtumaji anaona jina la mpokeaji na kupata nafasi ya kusitisha, kwa sababu kukosea tarakimu moja ni makosa ya kawaida ya vidole, hata kwa mtu makini. Hapo mbunifu aliongeza kikwazo makusudi, na alikuwa sahihi. Kabla ya kuweka akiba punguza hatua. Kabla ya kutuma, kukopa au kuvunja mfuko, simamisha kidogo.

Mpe mtu mwenye kitochi ayasome maneno hayo kwa sauti, si mwenzako wa ofisini. Akisita kwenye neno, libadilishe neno, usimfundishe.

Hatua ya 6: Kumbusha kwa kiasi

Dean Karlan na wenzake walijaribu ujumbe wa kukumbusha akiba kwa wateja wa benki za Bolivia, Peru na Ufilipino. Akiba ilipanda kwa takriban asilimia 6. Si muujiza, ila gharama ni ya ujumbe tu, na uliotaja lengo la mteja ulisaidia zaidi. Tuma mmoja, jioni, kwa yule ambaye leo hajaweka. Wa pili siku hiyo hiyo ni kero, na kwa dereva aliye barabarani kero hiyo inaweza kuwa hatari: usimtetemeshee simu mtu anayepita Ubungo saa 12 jioni.

Hatua ya 7: Tumia watu, lakini usiwaanike

Nchini Kenya, James Habyarimana na William Jack waliweka vibandiko ndani ya matatu vikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Baadaye kampeni ilijulikana kama Zusha! Kibandiko hakikumfundisha dereva sheria za barabarani. Kilimpa abiria ruhusa ya kusema kile alichokuwa akikiwaza kimyakimya. Na kwa kuwa makondakta na madereva wangeweza kuvibandua, kulikuwa na bahati nasibu ya kuwazawadia waliovitunza. Utekelezaji wa aina hiyo hausomwi sana, ilhali bila bahati nasibu ile kibandiko kingedumu siku ngapi?

Kwenye akiba, nguvu ya wenzako kijiweni ipo, ila kuwa mwangalifu na orodha za washindi. Kuonyesha nani ana kiasi gani ni kuwaalika wapiga mizinga. Afadhali kuonyesha jumla ya kijiwe, au kwamba wangapi wameweka leo, bila majina. Na idadi iwe ya kweli. Ukiandika "madereva wengi wa eneo lako wanaweka" huku ni wanne, siku watakapoulizana kwenye benchi umekwisha.

Hatua ya 8: Weka mpaka kabla hujauhitaji

Ujuzi huu huu ndio uliotumika kwenye programu za mikopo zenye saa ya kuhesabu kurudi nyuma, kitufe kikubwa cha kukopa na maandishi madogo ya riba. Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, zikiwemo za kuzuia kuwapigia simu watu waliomo kwenye simu ya mkopaji ili kumwaibisha. Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo Novemba 2024 kwa kufanya kazi bila leseni.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, naweza kumwambia mtumiaji nilichokifanya na kwa nini, kwa SMS moja, na asikasirike? "Tunakuuliza baada ya hesabu kwa sababu ndipo pesa inapokuwa yako" inapita. "Tumeficha kitufe cha kutoa ili usikione" haipiti. Kujitoa kuchukue hatua zilezile za kujiunga, isizidi hata moja. Kama mtu mwenyewe ameomba mfuko wake ufungwe hadi tarehe fulani, mfungie, lakini acha njia ya dharura iliyoandikwa wazi. Ajali ya pikipiki haingoji tarehe.

Hatua ya 9: Jaribu, na usiuamini mfano wa mtu mwingine kuliko namba zako

Jaribio la kwanza la vibandiko vya matatu lilionyesha madai ya bima yakipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Lilipopanuliwa hadi magari yapatayo 12,000, upungufu ulikuwa kati ya robo na theluthi. Bado ni mafanikio makubwa, lakini si yale ya mwanzo. Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walilinganisha mwaka 2022: majaribio ya mbinu kama hizi yaliyochapishwa kwenye majarida ya wasomi yaliongeza waliofanya tendo lililolengwa kwa wastani wa pointi 8.7 za asilimia, wakati majaribio 126 ya vitengo viwili vikubwa vya sayansi ya tabia vinavyofanya kazi na serikali na miji Marekani yalileta pointi 1.4. Na utafiti maarufu wa mwaka 2012 uliodai kwamba kutia saini juu ya fomu badala ya chini humfanya mtu awe mkweli ulifutwa na jarida lake mwaka 2021 baada ya data zake kutiliwa shaka. Kabla ya hapo fomu nyingi zilikuwa zimeshabadilishwa. Kwa hiyo msimamizi akikuahidi akiba itaongezeka maradufu kwa sababu ya rangi ya kitufe, mwombe aweke kwenye maandishi.

Gawanya kwa bahati nasibu, ila usigawanye dereva mmoja mmoja. Wanakaa benchi moja na wanaonyeshana simu. Aliye kwenye kundi la kulinganisha atauliza kwa nini menyu ya mwenzake ni tofauti, na ndani ya siku mbili jaribio limeharibika. Gawanya kwa vijiwe: vingine vipate skrini mpya, vingine vibaki na ya zamani. Ubaya wake ni kwamba unahitaji vijiwe vingi, maana vijiwe vitatu kwa vitatu haviwezi kukuambia lolote hata vikiwa na madereva mia mbili. Andika kabla ya kuanza ni namba gani utaiangalia na tofauti ipi itahesabika, umtumie mtu aliye nje ya timu.

Namba hiyo isiwe waliobonyeza. Angalia salio la mfuko siku ya 90, na wangapi walilipia tairi au oili kutoka humo. Angalia na upande wa pili: je, waliokopa kwenye simu wameongezeka kwenye vijiwe vyenye skrini mpya? Mtu anayeweka 1,000 jioni na kukopa 2,000 ya petroli asubuhi amepata hasara ya riba, na dashibodi yako inamhesabu kama mafanikio. Waliojitoa wapigie simu, wachache tu, uwaulize kama ulivyowauliza kijiweni: siku ile ilikuwaje?

Na kama siku ya 90 vijiwe vya makundi yote mawili viko sawa, kiondoe kipengele hicho hata kama wakubwa walikipenda kwenye mkutano. Ukurasa wa USSD una nafasi chache, na ile namba 1 inaweza kupewa kitu kingine.